Mmeyaona kwa Macho Yenu

Hapana mtu wa Unguja atakayeweza kusimama mbele ya Mola wake akasema hakuambiwa. Mkulima wa Cheju ameona masika yakichelewa, kisha yakashuka yote kwa pamoja na kuondoka na mbegu. Mwanamke wa Paje ameuona mwani wake ukipauka na kuoza kwenye kamba kabla ya siku za kuvuna. Mvuvi wa Mkokotoni anajua kwamba samaki aliyekuwa akimpata kwa mshipi karibu na mwamba, leo anamfuata mbali kwa mashine na petroli. Wazee wa Nungwi wananyoosha kidole kuelekea kwenye maji na kukuonesha palipokuwa na minazi. Mtu wa Jang'ombe ameshawahi kuwapandisha watoto juu ya meza usiku, maji yamejaa chumbani.

Kaa barazani pale Jaws Corner baada ya Alasiri, kahawa ikizunguka, uwasikilize watu. Joto la siku hizi si la zamani. Kaskazi haivumi kwa wakati wake. Vuli imekuwa ya kubahatisha. Bahari imekula ufukwe. Kila mmoja ana ushahidi wake na hakuna anayembishia mwenzake. Zipo nchi tajiri, zenye vyuo vikuu vikongwe, ambako watu bado wanabishana kama tabianchi imebadilika au haikubadilika. Sisi jambo hilo tulilimaliza zamani.

Kwa hiyo maneno haya sikuyaandika kwa ajili ya wasiojua. Nawaambia nyinyi mnaojua. Mmeyaona kwa macho yenu, mkayataja kwa ndimi zenu, kisha mkanyanyuka barazani na kuiacha chupa ya maji pale pale mlipokaa, upepo uipeleke mtaroni na mtaro uipeleke baharini. Kati ya ndimi zenu na mikono yenu pana ukuta, na ukuta huo mmeujenga kwa nyudhuru mbili ambazo hamchoki kuzirudia.

Udhuru wa kwanza ni kwamba haya ni makosa ya wakubwa wa dunia. Ni kweli, tena kweli tupu. Mtu mmoja wa Marekani hutoa kama tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe anayochoma; Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Viwanda vilivyoanza kufuka Uingereza zaidi ya miaka 200 iliyopita havikumuomba ruhusa mtu wa Makunduchi. Waliotajirika kwa moshi huo wana deni kwetu, na yeyote anayekwenda kwenye mikutano ya dunia kulidai kwa niaba yetu ana haki ya kupiga meza.

Lakini angalieni mlivyoutumia ukweli huu. Mmeufanya ruhusa. Mtu ambaye jirani yake amewasha moto, na moto unakuja upande wa paa lake la makuti, hauzi ndoo zake kwa sababu moto hakuuwasha yeye. Nyinyi ndoo mmeziuza. Mikoko, matumbawe, mchanga wa pwani, chemchemi, msitu wa Masingini, mitaro ya mji: hivi ndivyo ambavyo vingetukinga na moshi wa wengine, na hakuna Mmarekani aliyekuja usiku kuvibomoa. Tumevibomoa wenyewe, mchana, tukijua.

Nianze na mtaro, kwa sababu hapo ndipo uongo wetu unapoonekana mapema. Mji wetu umekaa juu ya maji. Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee mpaka leo wanaiita Creek Road, imepita juu ya mkono wa bahari uliofukiwa. Zamani bahari ikijaa, Mji Mkongwe ulibaki kidogo tu uwe kisiwa, na Ng'ambo ikawa upande wa pili wa maji. Ng'ambo yenyewe ina mabonde yake, Jang'ombe, Sebleni, Mwanakwerekwe, mahali ambapo mvua ilikuwa na madimbwi yake ya kutulia kabla hatujajenga ndani yake. Mji wa namna hii hauishi bila mitaro. Ndiyo maana Serikali ikakopa Benki ya Dunia kwa mradi wa huduma za mijini, ZUSP, ulioidhinishwa 2011, na miongoni mwa kazi zake ikawa kujenga mitaro ya maji ya mvua na kuujenga upya ukuta wa bahari wa Mizingani. Mkopo huo wataulipa watoto ambao leo wako madrasa. Na sisi mitaro tumeigeuza jaa.

Kabla ya masika vijana wanashuka mitaroni na makoleo. Wanatoa pampasi, chupa za soda, vifuu vya madafu, magodoro yaliyochakaa, manyoya ya kuku, vifusi vya ujenzi. Hapana hata kimoja kilichoingia mle kwa miguu yake. Kila pampasi ilikuwa na mkono ulioitupa, na mkono huo ulikuwa wa mama au baba anayempenda mwanawe. Kisha mvua inanyesha, maji yanakuta njia imezibwa, yanarudi majumbani, nasi tunawaita waandishi wa habari kuwaambia kwamba Serikali haikufanya kitu.

Liko jambo ambalo hamlihesabu. Mtaro wa mjini humwaga maji baharini kwa kuwa bahari iko chini yake. Siku za bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mtaroni hayatoki mpaka bahari ianze kupwa. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, kwa saa kadhaa mji hauna pa kumwagia. Na kadiri bahari inavyopanda, saa hizo zinaongezeka. Basi mji unaohitaji kila inchi ya mtaro wake, kwa muda ule mfupi ambao mlango uko wazi, ndio huu huu unaoujaza takataka kwa mikono yake. Kipindupindu kimekuwa kikirudi visiwani tangu 1978, na mara nyingi hufuatana na mvua. Tumezika watu. Tumefunga biashara za juisi na vyakula vya barabarani, tumetangaziana redioni tuchemshe maji, na masika yalipokwisha tukarudi kutupa.

Najua gari la taka halifiki kila mtaa. Najua kutoka Ng'ambo mpaka dampo la Kibele ni mbali. Hilo Manispaa ijibu, na ijibu kwa hesabu za safari na magari, hotuba tumeshazisikia. Lakini mtu ambaye gari la taka halimfikii bado ana mahali pawili pa kuweka taka zake: uani kwake mpaka apate njia, au mtaroni. Anayechagua mtaro amechagua nyumba ya jirani aliye bondeni. Na yule anayekusanya plastiki jioni akaitia moto, akawaacha watoto wanacheza ndani ya moshi ule mweusi, asidhani ameutakasa mji. Amewapa wanawe taka ile ile kwa njia ya pua.

Lipo linaloniuma zaidi ya hilo. Novemba 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Kenya ilifuata 2017, Tanzania Bara 2019. Visiwa hivi vidogo viliwatangulia majirani hao kwa zaidi ya miaka kumi. Leo nenda Darajani. Kifuko chepesi cha plastiki bado kinatoka chini ya meza, unapewa kwa dagaa, unapewa kwa pilipili na ndimu chache, na unakipokea bila kukunja uso. Muuzaji anajua. Mnunuzi anajua. Aliyekiingiza kwa magendo anajua kuliko wote. Sheria iliyotutangulizia heshima mbele ya Afrika Mashariki nzima imetufundisha kuficha, basi.

Bibi zetu walikwenda sokoni na kikapu cha ukili. Samaki walitiwa kwenye pakacha, na pakacha likichakaa lilirudi shambani likawa udongo. Vikapu vile vile leo vimetundikwa kwenye maduka ya Gizenga na Hurumzi, mgeni anavinunua na kuondoka navyo, huku aliyevisuka anarudi nyumbani na nyama yake kwenye plastiki. Kijana wa mjini anaona haya kubeba kikapu mbele ya wenzake. Haoni haya kasa anapoumeza mfuko wake akidhani ni konyeza. Haya yenu imekaa pasipo mahali pake, ndugu zangu. Iondoeni kwenye kikapu muitie kwenye plastiki.

Sasa mikoko. Mji Mkongwe wenyewe umebebwa na mikoko: dari za nyumba zake za mawe zimelazwa juu ya boriti, na upana wa vyumba vyake umepimwa kwa urefu wa boriti, nyingi zikiwa zimeletwa kwa majahazi kutoka Rufiji. Wazee walikata, siwafichi. Lakini boriti ile imekaa darini mwa watu vizazi na vizazi. Mikoko ya leo inakatwa kwa kitu kinachokwisha kabla ya chakula cha usiku. Kisakasaka waliuona msitu wao wa mikoko ukidhoofika kwa sababu ya mkaa. Ghuba ya Chwaka, yenye mikoko mingi kuliko mahali pengine popote kisiwani, imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani tangu 2004, na bado panga linasikika mle.

Mkoko hushika tope kwa mizizi yake. Huvunja nguvu ya wimbi kabla halijafika kwenye shamba la mpunga. Hulea kamba, kaa na vifaranga vya samaki ambao mvuvi atakuja kuwavua wakikua. Na ndani ya tope lake huzika hewa ya ukaa nyingi kuliko misitu mingi ya nchi kavu. Panga moja linavunja yote manne. Maji ya chumvi yameshaingia kwenye mabonde ya mpunga, Pemba zaidi, lakini na hapa Unguja, na wapo wakulima walioyaacha mabonde waliyorithi kwa baba zao kwa sababu hapaoti tena ila nyasi za pwani.

Mchoma mkaa sitamkaripia sana. Mara nyingi ni mtu wa kijiji chenye ardhi ya mawe, hana bonde, hana boti, na ada za watoto zinamsubiri. Namkaripia anayemnunulia. Mtu mwenye mshahara, mwenye jiko la gesi linalopigwa vumbi jikoni, anayesema wali haunogi bila mkaa na haulizi gunia lile limetoka msitu gani. Namkaripia na mwenye kujenga, anayeagiza miti ya kushikilia zege lake bila kutaka kujua imekatwa wapi. Hawa wana la kuchagua, na wamechagua kwa raha zao.

Mchanga nao ni hadithi hiyo hiyo, mbaya zaidi. Kisiwa hiki toka ncha ya kaskazini hadi ya kusini hakivuki sana kilomita 85, na sensa ya 2022 ilikuta humu watu zaidi ya milioni 1.3. Wote wanataka nyumba, na ni haki yao. Lakini mchanga wa kujengea una mwisho. Mashimo ya Donge Chechele na Pangatupu yameimeza ardhi iliyokuwa na minazi na mihogo. Serikali ikaweka utaratibu wa vibali, na watu wakageukia pwani, usiku, na magari ya ng'ombe. Mnachukua mchanga wa ufukwe ili mjenge nyumba ambayo siku moja itauhitaji ufukwe ule ule uilinde. Mchanga wa pwani una chumvi, unakula nondo na kumenya plasta, kila fundi anajua, na bado shehena inaingia kijijini kabla ya Alfajiri na hakuna anayeuliza.

Nawageukia sasa wenye nguvu. Kutoka Nungwi na Kendwa, kupitia Kiwengwa, hadi Paje na Jambiani, mmeukata ufukwe vipande vipande. Ufukwe wa mchanga hautulii mahali pamoja. Kusi ikivuma mchanga unakwenda upande mmoja, kaskazi ikivuma unarudi. Kila mvuvi aliyezaliwa pale anaijua hesabu hiyo kuliko mhandisi wenu. Mmejenga juu ya mchanga unaosafiri, kisha bahari ilipokuja mkaweka ukuta wa zege. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake likichimba mchanga ulio mbele, na pembeni linamla jirani. Jirani naye akajenga ukuta. Na mwisho wa ukuta wa mwisho kipo kijiji, na diko lake, na ngalawa ambazo hazina tena pa kupandishwa.

Wageni walioingia Zanzibar mwaka 2024 walipindukia 700,000. Karibuni, sisi ni watu wa ukarimu na riziki nyingi zinatoka huko. Lakini mgeni anaoga, anafuliwa mashuka, bustani yake inamwagiliwa. Mtafiti Stefan Gössling alipochunguza hoteli za pwani ya mashariki na kuchapisha matokeo yake 2001, alikuta kwamba mgeni mmoja hutumia kwa wastani lita 685 za maji kwa siku. Ndoo ya kawaida ni lita 20. Mwanamke wa kijiji kilicho nyuma ya ukuta wa hoteli hiyo angelazimika kujitwisha zaidi ya ndoo 34. Na maji yenyewe yanatoka chini ya mwamba wa matumbawe, ambako maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima cha kijiji ndicho kinachoanza kubadilika ladha.

Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu hadi mjini. Alijua maji ya mji yanatoka wapi. Sisi tunajua pia, na bado viwanja vimepimwa na nyumba zimesimama juu ya vyanzo vya maji, zikiusogelea msitu wa Masingini mwaka hadi mwaka. Kila kiwanja kilikuwa na mtu aliyetia saini. Nyinyi mnaotia saini, hamna kisingizio cha ujinga hata chembe. Mnao mkakati wa mabadiliko ya tabianchi wa 2014. Mnayo sheria ya mazingira ya 2015 na mamlaka iliyoundwa kuisimamia, ZEMA. Karatasi hazikupungua Zanzibar. Kilichopungua ni mtu wa kumwambia tajiri hapana, na kumwambia hapana shemeji yake, na kukubali kuitwa mkorofi.

Angalieni nani analipa. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake. Kilimpa mwanamke wa pwani fedha yake mwenyewe, ya daftari za watoto, ya bati la nyumba, bila ya kumuomba mtu. Mwani aina ya cottonii, wenye bei nzuri, hauvumilii maji ya moto. Bahari ya kina kifupi ilipozidi kupata joto ukapauka, ukaoza, ukadondoka kwenye kamba, na wengi wakabaki na spinosum wenye bei ya chini. Mtafiti Dk. Flower Msuya amefanya kazi na wakulima hawa kwa miaka mingi kutafuta njia ya kuipanda cottonii kwenye kina kirefu kidogo, penye ubaridi, kwa nyavu zilizoshonwa mfano wa bomba. Njia ipo. Lakini kwenye kina panataka boti na panataka kuogelea, na wanawake wengi wa pwani zetu hawakufundishwa kuogelea. Mwanamke huyu hana gari wala kiyoyozi. Hakukata boriti ya mtu. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Janga hili wanalila wasiolichuma, na baadhi ya waliolichuma wamekaa mwendo wa dakika tano kutoka kwenye vigingi vyake.

Matumbawe ya bahari hiyo yalipauka 1998, yakapauka tena 2016, hata yale ya Chumbe yanayolindwa vizuri. Joto hilo hatukulileta sisi. Lakini tumbawe lililopauka linaweza kupona endapo halikuvunjwa kwa nanga, halikukanyagwa na wageni waliopelekwa na boti zetu, halikufunikwa na maji machafu yaliyotoka kwenye mitaro yetu. Muda wa kupona ndio tunaolinyima.

Udhuru wa pili ni mzito kuliko wa kwanza, kwa sababu umevaa vazi la dini. Mnasema ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Mnasema hizi ni dalili za Kiama, na dalili za Kiama hazizuiliki. Mtu anasema hivyo, anavuta pumzi, anaona ameshamaliza wajibu wake. Nani aliyewafundisha dini hii? Surat Ar-Rum, aya ya 41, inapotaja uharibifu wa bara na bahari inautaja pamoja na mikono ya watu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba hata mtu akikutwa na Kiama akiwa na mche mkononi, na aweza kuupanda, basi aupande. Nyinyi Kiama mmekifanya sababu ya kuung'oa. Alimkataza Saad bin Abi Waqqas israfu ya maji ya udhu, hata kama angekuwa ukingoni mwa mto. Nendeni mkaangalie mabomba ya misikiti yetu wakati wa Adhuhuri: mtu anatawadha huku anazungumza na mwenzake, bomba limefunguliwa lote, na nyuma ya msikiti ule ule mwanamke anasubiri foleni ya maji. Mtume alihesabu kuondoa udhia njiani miongoni mwa matawi ya imani, na sisi tunatoka msikitini tukiruka dimbwi lenye taka bila kuliona.

Msiniambie maneno ya dini hayabadilishi watu. Yamebadilisha, tena karibu hapa. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilifanywa eneo la hifadhi 1998. Wavuvi wake walikuwa watu masikini, na baadhi yao walikuwa wakivua kwa baruti. Amri za serikali ziliwapita masikioni. Ndipo masheikh na wahifadhi, akiwemo Fazlun Khalid aliyetoka Uingereza, wakaketi pamoja nao wakasoma Qur'ani juu ya bahari, juu ya uwakilishi wa mwanadamu ardhini, juu ya haki ya kizazi kijacho katika neema hii. Wapo wavuvi waliokuwa wamezipuuza amri za serikali ambao hapo walisikia, wakaacha baruti. Hawakulipwa. Hawakutishwa kwa jela. Waliambiwa jambo walilokuwa wakilijua kwa lugha ambayo hawakuweza kuitoroka.

Masheikh wetu, kwa adabu zote: mnatukumbusha swala, na ndiyo kazi yenu, mnatukemea ribaa, zinaa na uvivu. Ni khutba ngapi mmewahi kutoa juu ya mtaro? Juu ya sheha anayeshuhudia mauziano ya kiwanja ndani ya chanzo cha maji? Juu ya mfanyabiashara wa plastiki za magendo anayekaa safu ya mbele, na mchango wake wa zulia mmeupokea? Sauti yenu inaingia katika kila nyumba ya Unguja kwa kipaza sauti mara tano kwa siku. Hakuna afisa wa mazingira mwenye chombo kama hicho. Walimu wa madrasa, mna watoto mbele yenu kila jioni, na bahari ipo mlangoni.

Basi kabla ya masika yajayo lifanyike hili, na lianze mahali padogo. Ijumaa moja, kila msikiti wa Ng'ambo, khutba iwe juu ya mtaro unaopita karibu nao. Siku ya pili sheha aite watu wake, wake kwa waume, wenye gari na wasio na baiskeli, washuke na makoleo wautoe uchafu kwa mikono yao, kisha wakubaliane mbele ya wazee kwamba atakayetupa tena jina lake litatajwa barazani. Wenye hoteli waje na malori yao. Manispaa iambiwe siku na saa ya kuja kuchukua taka, na isipokuja, taka zikapangwe kwa adabu mbele ya ofisi zake. Na yule atakayesema hiyo si kazi yake, kuna watu wanalipwa mshahara kwa ajili hiyo, mwambieni kwamba hao tutawadai na tutawadai kwa nguvu, lakini mkono ulioitupa pampasi ni wake. Mpeni koleo.